Bakuli la Kufunga Utani

Sahani yangu ilirudi kama nilivyoipeleka. Wali wa nazi umeganda, samaki wa kupaka hajaguswa hata pezi, na kawa limekaa juu yake vilevile nilivyoliweka. Aliyeileta ni mkaza mwana wa Maimuna. Aliiweka kizingitini, akasema "Shikamoo bibi" akiutazama ukuta, akaenda zake kabla sijaitika marahaba.

Kwetu Msambweni sahani ya jirani hurudi imeoshwa, na ndani imetiwa kitu, hata kama ni ndimu mbili. Ikirudi na chakula chake, basi umeshaambiwa. Mimi na Maimuna tumesoma Kurani chuoni pamoja, tumechezwa ngoma ya unyago pamoja, tumezaa watoto wakanyonya popote walipokuta titi. Hajawahi kunirudishia sahani. Sasa yuko eda, mumewe Matano tulimzika mwezi uliopita, hawezi kutoka nje kuja kunitukana kwa mdomo wake. Kwa hiyo amenitukana kwa samaki wangu mwenyewe.

"Ni ile makala, bibi," alisema Twaiba.

Twaiba ni mjukuu wangu. Anafanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja Diani, na siku zake za mapumziko huja kwangu. Ana kazi ya pili isiyo na mshahara: anaandika katika kamusi elezo ya mtandaoni, kitabu cha kueleza kila kitu duniani, ambacho kimo ndani ya simu na kinaandikwa na watu wasiojuana. Mmoja anaandika, wa pili anarekebisha, wa tatu anafuta. Aliponieleza mara ya kwanza nilimwambia hiyo si kamusi, hilo ni jiko la harusi.

Makala yenyewe Twaiba aliiandika wakati Matano ni mgonjwa. Matano alikuwa mshona kanzu, lakini zamani, wakati mtaa mzima ukiangalia televisheni moja ya mwenye duka, aliwahi kuigiza katika tamthilia iliyoitwa Mtaa wa Nazi Mbili. Aliigiza sehemu moja tu, jina lake "Posa". Picha zilipigwa kijijini Waa. Yeye alikuwa Mzee Kombo, anayekwenda kumposea mwanawe na akifika amesahau jina la bibi harusi. Nusu saa tu, na Matano aliishi nayo mpaka mwisho. Kituo kilichoionyesha kilifungwa, kanda zake hakuna ajuaye ziliko, na kanda aliyopewa yeye iliota ukungu sandukuni. Vijana wa sokoni walimcheka kila alipoitaja. Twaiba akaenda akapata ratiba ya zamani ya vipindi, akaandika makala ya sehemu ile, na chini akataja waigizaji: Mzee Kombo, Matano Chirau. Akampelekea simu kitandani. Matano alisoma, akampa Maimuna naye asome, kisha akairudisha simu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha msahafu.

Halafu akafa, na mtani wake ni mimi.

Ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu. Akifa mtu wao, ni wajibu wangu kukaa katikati ya wanawake wanaolia na kumsema maiti mpaka kilio kichanganyike na kicheko. Siku ile nilisema: "Mnamlilia mwigizaji gani nyinyi? Huyu siku ya kupigwa picha alijificha mvunguni mwa kitanda. Mliyemwona kwenye televisheni ni mimi, nimevaa kanzu yake na ndevu za katani." Wanawake walicheka wakashikana mabega. Maimuna mwenyewe alicheka huku kamasi zinamtoka. Nilijua nimemtua mzigo kidogo.

Ila mkekani palikuwa na mtu asiyekuwa wetu. Cynthia, mwandishi wa gazeti moja la mtandaoni huko Ukunda, mzaliwa wa bara, alikuja kuandika habari za marehemu. Alikuwa amejifunga mtandio wa kuazima na simu yake inarekodi. Wiki ileile gazeti likatoa habari: siri yafichuka matangani, mwigizaji wa Mzee Kombo alikuwa mwanamke.

Mtu mmoja wa kamusi, ambaye huko anajiita Garama, akalisoma gazeti. Akafuta jina la Matano. Akaandika: Mzee Kombo, Bi Mwanaima. Na mbele ya jina langu akatia kitarakimu kidogo, ukikibonyeza kinakupeleka gazetini.

Muuza madafu akaanza kuniita staa. Mimi nilicheka, kwa kuwa sikujua kwamba ng'ambo ya ukuta wa makuti Maimuna amesomewa na mkaza mwanawe kwamba rafiki yake amesubiri mumewe azikwe ndipo amnyang'anye kitu chake kimoja.

"Irudishe basi," nilimwambia Twaiba. "Futa mimi, mwandike Matano."

"Nimefanya mara mbili. Garama anakurudisha wewe. Sasa tunajadiliana."

"Mwambie mimi mwenyewe nasema nilikuwa natania."

"Nimemwambia. Anauliza limechapishwa wapi."

"Nimelisema hapa, jikoni kwangu."

"Bibi, jiko lako si chanzo."

"Hebu ngoja. Gazeti limenukuu nani?"

"Wewe."

"Kwa hiyo nikisema uongo mimi ni chanzo, nikisema kweli mimi ni jiko?"

Twaiba alijikuna kichwa. "Uongo umechapishwa. Kweli haijachapishwa."

Nilitaka kumtukana huyo Garama, lakini mtoto akamtetea. Alisema makala za vipindi vya televisheni zimejaa maneno ya kubuni, kila mtu ana mjomba aliyeigiza, kila mtu ana bibi wa kushuhudia. Wakimpokea bibi yake watampokea na wa mwenzake. Ndiyo maana wanataka kitu kilichoandikwa na mtu wa nje asiyehusika, kila msomaji akakione. Majina ya waigizaji yangeweza hata kutolewa katika sehemu yenyewe, mwishoni yanapopita, lau ingekuwapo mahali pa kuitazama. Haipo.

"Basi sema gazeti ni bovu," nikasema.

"Nimesema, na hapo ndipo nilipoharibu." Sauti yake ilishuka. "Amejibu kwamba ikiwa gazeti halifai, makala inabaki na ratiba peke yake, na ratiba inathibitisha tu kwamba kipindi kilionyeshwa. Haitoshi. Amependekeza ifutwe yote. Mjadala unafungwa Ijumaa jioni."

Nilimwelewa. Ama jina langu likae pale pa Matano, ama Matano aondoke pamoja na posa yake, na Waa yake, na kila kitu. Na Maimuna angetoka eda akute mumewe hayumo popote, na sababu ni mdomo wangu.

Asubuhi yake tulikwenda Ukunda. Gazeti la Cynthia lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la simu, feni inazunguka kwa hiari yake. Alinikaribisha vizuri, akanivutia kiti, akaniita bibi kwa neno la kwao bara.

"Shosho, karibu sana. Ile stori yako imesomwa vibaya, watu wengi sana."

"Imesomwa vibaya kweli," nilisema. "Mwanangu, nimekuja uiandike upya. Yale yalikuwa utani. Aliyeigiza ni Matano."

Aliacha kutabasamu. Akainuka, akaufunga mlango.

"Uliyasema mbele ya watu wote. Hakuna hata mmoja aliyekukatalia. Niliangalia, shosho. Niliwaangalia nyuso."

"Mtani hakatazwi. Anayemkatalia mtani matangani anavunja adabu."

"Sawa. Sasa leo nitajuaje kwamba hutanii?"

Na mdomo wangu huu, kwa mazoea yake ya miaka yote, ukajikunja wenyewe pembeni. Cynthia aliuona.

"Unaona? Hata sasa unacheka."

"Sicheki, mdomo ndivyo ulivyo."

"Nikitoa masahihisho, bosi ataniuliza nimethibitisha vipi. Nimwambie nini? Kwamba yule mama mmoja amegeuza maneno? Na wiki ijayo ukiyageuza tena?" Alikuwa anaongea polepole sasa, si kwa hasira, kwa woga. "Nina miezi michache tu hapa. Habari yangu ya kwanza kusomwa na watu ni ile. Nikikubali kwamba nilidanganywa na kilio, sina kazi. Niletee mtu mwingine. Mjane wake, kwa mfano."

"Mjane yuko eda, hazungumzi na magazeti. Na angezungumza, wangesema ni mkewe." Hilo nilijifunza kwa Garama.

Twaiba alinigusa goti. Nikafikiri. Nikasema, "Njoo Alhamisi. Ni arobaini. Siku hiyo utani unafungwa."

Nikamweleza. Kwetu, khitma ikishasomwa, mwanamke mkubwa wa nyumba ya msiba humpa mtani bakuli la chakula mkononi. Akishalipokea, hana ruhusa tena ya kumtania maiti yule. Neno analolisema juu yake akiwa amelishika huhesabiwa kama kiapo, na baada ya hapo aliye na la kusahihisha yuko huru kusahihisha.

"Na asipopewa bakuli?"

"Basi utani uko wazi, na ninayoyasema yote ni upepo."

"Imewahi kutokea, mtani kunyimwa?"

"Sijaona," nilisema, na hilo lilikuwa kweli. Habari ya sahani iliyorudi sikumwambia.

Alhamisi wanaume walikaa nje chini ya turubai, sisi wanawake uani. Khitma ilisomwa, dua ikapigwa, ubani ukapita. Mimi nilikaa mahali pa mtani, mlangoni pa jiko. Cynthia alikaa karibu na Twaiba, safari hii mtandio ni wake mwenyewe. Maimuna alikuwa ndani ya mlango wa chumba, amevaa nyeupe, nusu yake kivulini. Bakuli nililiona. Lilikuwa juu ya kinu kilichofudikizwa, bakuli la maua ya buluu, limejazwa wali na kufunikwa kitambaa.

Masinia yakapita, watu wakala. Masinia yakaanza kukusanywa. Bakuli likakaa palepale.

Kwa kawaida mtani akicheleweshewa hupiga kelele: mnaninyima kwa kuwa marehemu alinidai, mnaninyima kwa kuwa mmekula nyama yote. Wanawake walikuwa wananitazama wakisubiri nianze. Sikuanza. Nilikuwa na maneno mazuri sana siku ile, na niliyameza. Kunyamaza kwangu kukawatia wasiwasi. Mmoja akakohoa. Mkaza mwana wa Maimuna akalipita bakuli mara ya kwanza, akalipita tena akiwa na birika, hakulitazama.

Nikasimama. "Maimuna."

"Naam."

"Nimekuja kufunga."

"Umekuja na mgeni wako," alisema kutoka kivulini. "Leo aandike nini? Kwamba na mimi si Maimuna, nimejificha mvunguni?"

Uani wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nipe bakuli, nami nitasema."

"Sema kwanza."

Kicheko kikakatika. Mama Kache, ambaye ni mkubwa kuliko sisi sote, akasema, "Maimuna, mwanangu, si hivyo. Bakuli hutangulia."

"Alipochukua jina la mume wangu hakusubiri bakuli. Aseme."

Nilitazama chini. Mtani asiye na bakuli akisema kweli ni kama mtu anayeogelea amevaa buibui. Lakini Ijumaa ilikuwa kesho yake. Nikasema.

"Matano aliigiza yeye. Mimi nilikuwapo Waa siku ile, nilikuwa nimeshika mwavuli wa kumkinga mpiga picha na jua."

Wakacheka. Mwanamke mmoja akampiga mwenzake paja: haya, kaanza.

"Kanzu aliivaa yake, aliyoishona mwenyewe, ndefu ikawa inafagia ua."

Wakacheka zaidi. Nilimwona Cynthia anatazama huku na huku, simu mkononi, uso umemwiva.

"Alitakiwa asahau jina la bibi harusi. Matano akasahau maneno yote, akakumbuka jina tu."

Sasa kuna waliokuwa wanajifuta machozi. Kila neno la kweli nililotoa lilipokewa kwa kicheko, na kila kicheko kilikuwa kinalifuta. Niliwahi kutamani hadhira kama ile. Siku ile niliiogopa. Nikaendelea, sauti inanitetemeka, na kutetemeka kwenyewe wakaona ni ufundi.

"Walirudia mpaka mwenye mitambo akataka kumtafuta mtu mwingine. Matano akaomba jaribio moja tu. Akaacha maneno aliyoandikiwa. Akasema: nimekuja kwa miguu na nitarudi kwa miguu, lakini nikirudi mikono mitupu njia itakuwa ndefu. Basi. Ndiyo iliyoonyeshwa. Nilipomuuliza ameyatoa wapi, alisema ni yale aliyomwambia baba yake Maimuna, siku alipokwenda kujiposea mwenyewe kwa kuwa hakuwa na mzee wa kumtuma."

Walikuwa bado wanacheka, wengine wakirudia ile ya njia ndefu. Mimi nilikuwa nimemkabili Maimuna. Alikuwa ametoka kivulini hatua moja, na hakuwa ananitazama macho. Alikuwa anautazama mdomo wangu. Ananijua tangu tuna meno ya utotoni. Anajua pembe ipi inayojikunja. Nilibaki nimesimama pale, wananicheka, na mdomo umetulia.

Maimuna alikwenda kwenye kinu. Akakiondoa kitambaa, akalichukua bakuli kwa mikono miwili, akanitia mkononi.

Waliokuwa wanakusanya masinia wakayatua chini. Nililishika bakuli, bado lina joto chini, nikasema tena, kwa kifupi: Matano Chirau ndiye aliyeigiza Mzee Kombo. Mimi nilishika mwavuli.

Hakucheka mtu.

Cynthia akainua simu yake. "Mama zangu, samahani. Ni kweli?"

"Ameshika bakuli," alisema Mama Kache, kama anayemweleza mtu kwamba maji ni maji. Kisha akaongeza, "Nyumba waliyopigia picha ni ya kaka yangu. Matano nilimpikia chai mimi, aliimwaga kwenye ile kanzu."

"Na mbona siku zote hizi hukusema?"

"Nimkatalie mtani?"

Hapo wakafunguka. Mmoja alikuwa bibi harusi mwenyewe wa sehemu ile, mwanamke wa Waa, siku hizi ana wajukuu. Akasema yeye na Matano walirudia mpaka akalia kweli, na kilio hicho ndicho kilichoonyeshwa. Mwingine mumewe alibeba taa. Cynthia aliwafuata mmoja mmoja, akiuliza majina yao na ya baba zao, akiwauliza tena yaleyale kwa njia nyingine ili aone kama watajikanganya. Nilimpenda hapo.

Ijumaa Twaiba hakwenda kazini. Adhuhuri ikapita, gazeti halijatoa kitu. Alasiri, hakuna. Cynthia hakupokea simu. Nilisali, nikarudi, nikakaa, nikainuka nikafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Bosi wake amekataa," nilisema.

"Subiri, bibi."

Jua lilikuwa linaelekea magharibi ndipo simu ikalia. Gazeti lilikuwa limetoa habari nzima, si masahihisho ya mstari mmoja. Kichwa chake kilisema gazeti lilikosea: maneno yaliyonukuliwa matangani yalikuwa utani wa kimila, na walioshuhudia wanathibitisha. Jina la Cynthia lilikuwa juu, na alijitaja mwenyewe kuwa ndiye aliyekosea. Twaiba akaandika haraka kwenye mjadala, vidole vinagongana, akaweka kiunganishi. Kisha tukamsubiri Garama.

Magharibi ikaadhiniwa. Sikuinuka mara moja, Mungu anisamehe.

Jibu likaja. Twaiba alisoma kwa sauti: "Nimeisoma. Mashahidi zaidi ya mmoja, wametajwa kwa majina, na gazeti limesahihisha lenyewe. Pia sasa kuna habari kamili inayoizungumzia sehemu hii. Naondoa pendekezo langu la kufuta. Namrudisha Matano Chirau." Na chini yake: "Poleni kwa msiba."

Tulikwenda kwa Maimuna Isha haijaingia. Nilibaki mlangoni, sikuwa na hakika kama bakuli lilifunga na mambo mengine. Twaiba akampa simu. Maimuna aliisogeza mbali, akaileta karibu, akasoma kwa kunong'ona jina la mumewe. Akabonyeza kile kitarakimu, akaona kinampeleka kwa Mama Kache na chai yake. Akarudi tena kwenye jina.

"Na hapa chini?" aliuliza. "Mbona Mwanaima bado yumo?"

"Garama ameongeza mstari," alisema Twaiba. "Kwamba iliwahi kuripotiwa kuwa aliigiza Bi Mwanaima, na kwamba ilikuwa utani."

"Kwa hiyo na uongo wake umebaki."

"Una chanzo chake," nilisema kutoka mlangoni.

Maimuna alinitazama mdomo. Uliacha kutulia, sikuweza kuuzuia.

"Bakuli langu liko wapi?"

"Liko kwangu."

"Nataka liletwe. Na lisije tupu."

Kesho yake nililijaza samaki wa kupaka, nikalipeleka mwenyewe. Alikula akiwa ameketi karibu yangu, akakwangua mpaka maua ya buluu yakaonekana chini, akajifuta vidole, akasema chumvi imezidi.

Haikuzidi. Lakini hilo halijachapishwa popote.